Muulize Nesi: Mtungi mmoja una masaa mangapi?

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba niliwahi kufanya kazi wodi ya corona Dar kuanzia 2020 mpaka 2021, na sikutegemea kama huo mstari ndo utakaosomwa kuliko makala nzima ya kisukari niliyoihangaikia wiki mbili. Mesej zimeingia mpaka mhariri ananicheka. Nimechagua sita, moja nimeifupisha kwa sababu mwenyewe aliandika kama anatoa maelezo polisi, nyingine nimeziacha zilivyo. Hospitali siitaji, msiniulize.

Shkamoo dada nesi. Mimi nasoma diploma ya uuguzi mwaka wa pili Dodoma. Wakati wa corona nilikuwa bado shule, zilivyofungwa tukafurahi tu kitoto. Sasa walimu wetu wakifika kwenye magonjwa ya mlipuko wanasema "ilikuwa ngumu sana" halafu wanapita. Ngumu vipi? Nisimulie zamu moja tu, unaingia mpaka unatoka.

Marahaba mdogo wangu. Wanapita kwa sababu hata wao hawajui waanzie wapi, mimi mwenyewe hili jibu nimelifuta mara tatu.

Nianze na mlangoni. Ukivaa PPE, yale mavazi ya kujikinga, kamili Dar, mwezi wa tatu, joto lile nyie wa Dodoma mnalisikia tu kwenye taarifa ya hali ya hewa, dakika kumi nyingi jasho linashuka mgongoni linaingia kwenye gambuti, miwani imeshapata ukungu, mshipa wa mgonjwa unautafuta kwa kupapasa kama mtu anayetafuta swichi usiku. Maji huwezi kunywa, chooni huwezi kwenda, maana ukishavua ile seti umeitupa na seti zenyewe zinahesabiwa. Kwahiyo masaa mawili kabla ya zamu unaacha kunywa kitu. Kuna waliovaa pampasi na wala hakuna aliyecheka. Na mgonjwa hakuoni sura, anaona kitu cheupe kinatembea kinaongea kama kiko ndani ya pipa, ndo tukaanza kuandikana majina kifuani kwa maka peni. Mimi mwenzangu aliniandika "Mama Chai" kunitania sababu nilikuwa sianzi zamu bila chai, basi wagonjwa wakaniita hivyohivyo mpaka wanaruhusiwa, kuna mmoja nilikutana nae Kariakoo mwaka juzi akapiga kelele katikati ya watu Mama Chaiii, nikageuka.

Ila hayo ni mateso ya mwili, mwili unazoea. Kazi yenyewe ilikuwa hesabu. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ule mrefu, ukijaa vizuri una kama lita 6,800. Mgonjwa aliyezidiwa anavalishwa ile barakoa yenye mfuko unamfungulia lita 15 kwa dakika. Gawanya mwenyewe. Masaa saba na nusu, na hapo umejaa kweli, maana kuna mitungi inaletwa kwa jina la mtungi mpya ukifunga geji inakwambia habari nyingine. Sasa una wagonjwa sita wa namna hiyo na zamu ya usiku ni masaa kumi na mawili. Unahitaji mitungi karibia kumi. Stoo kuna saba. Ndo zamu yako hiyo imeanza, saa mbili usiku, na umeshajua kwamba kuna saa fulani kabla ya alfajiri utakuwa na tatizo.

Unafanyaje? Unatembea na kale kamashine ka kubana kidoleni kanakoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, kitanda hadi kitanda, usiku kucha. Huyu ana 97, mshushie, hana haja ya kufika mia, akitulia kwenye 92, 93 inatosha, hizo lita zinazobaki ni za yule wa pembeni ya dirisha mwenye 85. Unashusha kidogo, unasubiri, unapima tena. Tulikuwa na zile mashine zinazotengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida, nzuri sana, ila zinakula umeme, na umeme ukikatika kuna yale masekunde kabla jenereta halijashika ambapo wodi nzima inanyamaza halafu mashine zote zinaanza kulia kwa pamoja.

Halafu spana. Spana ya kufungulia mitungi ilikuwa moja kwa wodi nzima, tukaifunga kwa bandeji kwenye meza ya dawa kama funguo ya choo cha baa. Usiku mmoja ikapotea kama dakika nne, kumbe kijana wa kubeba mitungi aliikata akaitia mfukoni akaenda kuvuta mtungi mwingine. Zile dakika nne nazikumbuka kuliko harusi yangu.

Kitu ambacho mwalimu wako asipokufundisha nakufundisha mimi: usimwamini mgonjwa kwa sura. Walikuwepo watu wanachati, wanacheka, wanauliza msosi saa ngapi, ukipima oksijeni unakuta 72. Kaa pembeni yake, hesabu pumzi dakika nzima, sio nusu dakika ukazidisha, dakika nzima. Mtu mzima akivuka 30 huyo hali yake mbaya hata kama anakuchambulia mechi ya Simba na Yanga.

Na kumlaza mtu kifudifudi. Hiyo haihitaji umeme wala mtungi, ni mito na mikono. Mapafu sehemu ya nyuma yanapata nafasi ya kufunguka. Mtu wa kilo mia mnamgeuza watu wanne, mmoja kazi yake ni kichwa na mrija tu, mto chini ya kifua, mto chini ya nyonga, tumbo libaki huru. Baba mmoja alikataa kabisa, mtu mzima hawezi kulala kama mtoto aliyenuna. Tukamwambia mzee geuka dakika tano tu angalia hiyo namba kidoleni. Ilikuwa 84. Ikapanda, 86, 88, 91, na yeye anaiangalia kama anaangalia matokeo ya uchaguzi. Kuanzia hapo akawa msimamizi wa wodi, anaamrisha wenzie kutoka kitandani, wewe geuka, na wewe geuka, na ukichelewa anamwita Mama Chai kukusemea.

Asubuhi unakabidhi. Kitanda namba fulani, lita kadhaa, kageuzwa saa tisa, mtungi utaisha saa mbili na nusu. Kitanda namba fulani, kimya. Hapo ndo pagumu mdogo wangu, pale unaposema namba ya kitanda halafu husemi kitu na mwenzako anaandika.

Habari dada. Mke wangu ni nesi, alikuwa nae wodi ya corona 2021. Miaka imepita lakini akitoka kazini usiku bado anavua nguo uani, ananawa mikono mpaka imechanika, na mtu akikohoa kwenye daladala anashuka kituo ambacho sio chake. Hasimulii. Nikimuuliza anasema nimechoka tu. Nimfanyeje? Mbagala.

Kaka, kwanza ahsante kwa kuona. Wengi wenu hamkuona, mliona mke kawa mkali.

Mimi nilikuwa navua nyuma ya kanga niliyoitundika kwenye kamba, ndoo, sabuni ya unga, nguo zinaloweka hapohapo ndo naingia ndani. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Akinikimbilia nampigia kelele "simama hapohapo!" mpaka akajifunza. Corona ikapungua, nguo nikawa nabadilisha kazini, nikirudi mtoto anakimbia akifika kama hatua tatu anasimama anasubiri. Nikimwambia njoo anaangalia kwanza mikono yangu. Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Na sio nyumbani tu. Mwenye nyumba wetu alikuja na lugha nzuri kabisa, kwamba nyumba anataka kuifanyia ukarabati kwahiyo tutafute pengine. Napita pale mpaka leo, rangi ileile.

Nakusimulia haya sio kwa sababu yangu ni makubwa kuliko ya mkeo, ni ili ujue kwamba ile ndoo ya uani ina sababu. Kipindi kile ilikuwa akili, ndo iliyowalinda nyie. Shida ni kwamba mwili haukupewa taarifa kwamba imeisha. Mikono kuchanika, kushuka daladala, usingizi (hujasema ila nadhani halali), huo sio uchovu kaka, ni kitu kinachotibika na kina watu wamesomea. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili. Najua atasema nitaonekana chizi, na nesi ana hofu nyingine juu yake, kwamba faili lake litasomwa na wenzie kwenye chai. Kwahiyo msiende anapofanya kazi. Nendeni wilaya nyingine. Na uende nae, ukae nae kwenye benchi, usimpeleke halafu ukamsubiri kwenye gari unasikiliza redio.

Mimi nilienda 2022, mbali kabisa na kazini, nimejifunika mtandio kama mwizi wa kuku. Nikamkuta kwenye benchi daktari tuliyekuwa nae zamu. Tukaangaliana, tukacheka mpaka mhudumu akatushangaa.

Nyumbani acha kumuuliza "uliona nini". Hilo swali kubwa mno, hajui pa kulishikia. Muulize vidogo. Chakula wodini mlikuwa mnakula wapi? Nani alikuwa anakuchekesha? Akianza kujibu usimkatishe na "pole", pole inafunga mazungumzo, muache aendelee. Mikono ipake mafuta mazito usiku, umpake wewe. Hiyo sio ushauri wa kitaalamu sana ila fanya.

Nesi mwanangu, mimi bibi yako wa Tanga. Wajukuu wananiambia ile nyungu tuliyojifukiza ilikuwa ushamba. Mimi nilijifukiza mwarobaini, mchaichai, majani ya mpera na malimau na nipo. Nijibu bila kunizungusha.

Shikamoo bibi. Bila kuzungusha: nyungu inazibua pua na inakupa usingizi mtamu, lakini virusi vilivyoko kwenye mapafu haivifikii. Wewe upo kwa sababu wengi walioupata ule ugonjwa walipona, waliojifukiza na wasiojifukiza, na mimi nashukuru kwamba na wewe umo. Kwenye ushamba wajukuu wamekuonea, mimi na diploma yangu nilijifukiza, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na blanketi mkononi ningefanyaje.

Nilichochukia ni lile sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi kwenye chumba chenye watoto, tulipokea walioungua mapaja. Na nilichochukia zaidi ni mtu kukaa na nyungu siku tano huku anahema kama amekimbizwa na ng'ombe, analetwa saa tisa usiku midomo imeshabadilika rangi, na ndugu wanasema tulidhani leo ataamka vizuri.

Dawa iliyokuja kusaidia kweli ilikuwa rahisi, ya siku nyingi, deksamethasoni. Juni 2020 watafiti Uingereza walitoa majibu yao, kwamba kwa aliyewekwa kwenye mashine ya kupumulia inapunguza vifo kwa kama theluthi, kwa aliye kwenye oksijeni kwa kama moja ya tano, na kwa ambaye hajahitaji oksijeni haimsaidii kitu. Hapo pa mwisho watu hawakusikia bibi. Walinunua duka la dawa wakameza nyumbani kama pipi, wenye kisukari sukari zikapanda tukawa na magonjwa mawili badala ya moja.

Mchaichai endelea, weka kwenye chai.

Dada mambo. Mi bodaboda, Mwanza. Swali moja tu, mlilipwa ngapi? Maana tulisikia nyie mashujaa.

Poa. Mshahara uleule. Posho ya mazingira hatarishi kuna waliopata na kuna waliosaini wakasubiri, mimi niko kundi linalosubiri.

Ila nikuchekeshe. Huo mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshautangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, sababu ilikuwa inatimia miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale, 12 Mei 1820, ndo maana sikukuu yetu huwa tarehe hiyo. Sisi wodini kamati ya tisheti ilishakaa vikao viwili, tumegombana rangi, wengine wanataka bluu wengine nyeupe, kuna mtu alinuna kabisa. Machi 16 ikatangazwa ana corona mgonjwa wa kwanza nchini, yule wa Arusha. Tisheti mpaka leo.

Kuhusu ushujaa, kulikuwa na bodaboda mwenzako nje ya geti letu. Makonda wa daladala wakiona sare ya nesi gari linajaa ghafla hata kama siti zinaonekana, yeye alikuwa ananipeleka kila siku, amefunga kidumu cha maji ya sabuni nyuma ya pikipiki, mnanawa wote wawili kabla ya kupanda, hakuuliza kitu. Alikuwa anachukua elfu mbili, ileile ya siku zote. Siku mvua inanyesha nikampa tatu akarudisha chenji.

Sista salama? Mimi mwenzako, niko kituo cha afya Kagera. Huku tulipata Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaoua haraka, 2023, halafu tena Januari 2025 kule Biharamulo. Kuvaa PPE kila mtu anajua, ila kuvua naona watu wanavua kama wametoka disko. Nitawaambiaje bila kuonekana mjuaji? Wengine ni wakubwa zangu.

Salama sista. Hili swali nimelipenda, nalijibu kwa urefu, wasomaji wengine mnaweza kwenda kunywa maji mkarudi.

Umeona vizuri kabisa. Ukivaa una nguvu, una akili, umetoka kunywa chai. Ukivua ndo gauni limechafuka kuliko saa nyingine yoyote na wewe umechoka kuliko saa nyingine yoyote, unataka kukojoa, unataka hewa. Corona ilitufundisha hilo lakini corona ilikuwa inapita zaidi kwenye hewa, kosa la mkono mara nyingine lilikusamehe. Marburg inapita kwenye damu, matapishi, jasho, choo, kwahiyo mkono wako ukigusa jicho lako imetosha. Ile ya 2023 waliougua walikuwa 9 wakafa 6, na wahudumu wa afya walikuwemo kwenye hao walioambukizwa. Wewe unajua kuliko mimi.

Sasa namna ya kuwaambia. Usiwaambie. Sisi tulikuwa na tatizo hilohilo, kuna daktari bingwa alikuwa anavua miwani kwa mbele, mkono uleule, na nani wa kumwambia. Tukabandika bango la hatua ukutani eneo la kuvulia, tukaweka sheria kwamba hakuna anayevua peke yake, lazima awepo msomaji upande wa pili anasoma hatua moja moja kwa sauti na wewe unafanya ukimaliza unasema "tayari". Na msomaji tukamchagua mdogo kuliko wote, binti wa intani. Yeye hamwamrishi mtu, anasoma bango. Daktari bingwa hawezi kugombana na bango. Wiki ya kwanza alikunja uso, wiki ya pili akawa anasema "tayari" kwa sauti kuliko wote.

Bango fuata la kituo chako kwa sababu mavazi yanatofautiana, ila mambo matatu hayabadiliki. Mikono inatakaswa katikati ya kila hatua, kila hatua, hata kama umegusa kamba tu. Miwani na barakoa vinatoka kwa kushika nyuma, umeinama kidogo mbele, macho umefumba, na barakoa haitangulii gauni kamwe. Na ukishamaliza yote unanawa tena, hata ukijiona msafi.

Kwenye Jiki naona watu wanakadiria kwa macho. Kama chupa imeandikwa 3.5%, kipimo kimoja cha Jiki kwa vipimo sita vya maji unapata 0.5%, hiyo ni ya gambuti, sakafu, vifaa, matapishi. Ya mikono ni 0.05%, chukua lita moja ya ile 0.5% ongeza lita tisa za maji. Angalia chupa kwanza maana zinatofautiana, changanya upya kila siku, na usitie sabuni nyingine humo, moshi wake sio wa mchezo. Ndoo ziandikwe, moja imeandikwa mikono nyingine imeandikwa vifaa, kwa herufi kubwa, kwa sababu saa kumi usiku hakuna mtu anayejua kusoma.

Na mtu akigusana na mgonjwa vibaya aseme palepale, sio kesho. Zinahesabiwa siku 21 za kumwangalia kama ataumwa. Mkimgombeza wa kwanza aliyesema, wa pili hatasema, na huyo wa pili ndo wa hatari.

Sina salamu. Mama yangu aliingia hospitali Dar mwezi wa saba 2021 akitembea kwa miguu yake. Tukazuiwa mlangoni. Siku ya nne tukapigiwa simu. Karatasi imeandikwa nimonia. Manesi tuliowauliza walitujibu kama tunaomba hela. Miaka yote hii nataka kumuuliza nesi yeyote kitu kimoja na nyie mnajulikana kwa majibu yenu. Alikufa peke yake?

Pole. Na salamu sio lazima.

Sitakwambia hapana ili ulale, kwa sababu sikuwa kitandani kwake. Naweza kukwambia ilivyokuwa kwetu mwezi huohuo. Julai 2021 ilikuwa mbaya kuliko zote nilizopita, chanjo ilikuja kuzinduliwa tarehe 28 ya mwezi huo, Rais akachanja wa kwanza watu wakiangalia kwenye TV, na sisi siku hiyo tulikuwa tumejaza mpaka korido. Usiku manesi wawili. Wagonjwa zaidi ya ishirini. Kuna waliofariki nimewashika mkono, glavu mbili lakini nimewashika, nawaita kwa jina la mtoto wao. Na kuna niliowaacha wanapumua nikaenda kubadilisha mtungi wa kitanda cha sita nikarudi wameshaondoka. Wa aina zote mbili wapo, ila kusimulia nimezoea wale wa kwanza.

Simu tulikuwa tunapiga. Sio kila siku, sio kwa kila mtu, ila tulipiga. Simu yangu niliitia kwenye kile kifuko cha kuwekea sampuli, naweka sauti kubwa naiweka kwenye mto. Nimesikia Yasini ikisomwa yote mpaka mwisho, nimesikia rozari, nimesikia mtoto anamwambia baba matokeo ya mtihani na baba anatikisa kichwa kama vile mtoto anamuona. Nimesikia mke anauliza namba ya siri ya M-Pesa, nikakasirika moyoni, halafu baadae nikajua alikuwa anatafuta hela ya kununua dawa tuliyomwandikia wenyewe.

Na kitu ambacho hakuna ndugu alikiona kwa sababu mlikuwa nje ya geti. Tulikuwa tunawaogesha. Tulikuwa tunawapaka mafuta midomo, oksijeni inakausha sana. Wamama wenye nywele ndefu zile kamba za barakoa zilikuwa zinanasa zinawavuta na wakilazwa kifudifudi inakuwa taabu, kwahiyo niliwasuka. Mabutu mawili tu, ya shule, moja huku moja huku. Nina glavu, miwani ina ukungu, yalikuwa yanakwenda upande, kuna mama mmoja aliomba kioo akajiangalia akaniambia Mama Chai hii kazi yako nyingine usiache ile ya kwanza.

Kuhusu karatasi. Nimonia ni kweli kwa maana kwamba ndo ilivyokuwa kwenye mapafu, lakini najua unachouliza, kwa nini haikuandikwa corona. Kama kipimo hakikufanyika au majibu hayajarudi liliandikwa lililoonekana. Sisi wenyewe wodini tulikuwa tunasema "changamoto ya upumuaji", mtaani nako hivyohivyo, neno refu la kuzungukia neno fupi. Takwimu za nchi zilisimama tangu Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo mpaka 2021. Nyie iliwaumiza kwenye karatasi, sisi ilituumiza stoo, maana unaombaje mitungi kumi ya ugonjwa ambao hautajwi.

Na majibu yetu. Kweli, na siombi udhuru. Kijana mmoja alikuja getini saa kumi na moja asubuhi ameleta uji kwenye chupa, akaniuliza mama kaamkaje, nikamjibu "huu sio muda wa kuona wagonjwa" kwa sauti ileile mnayoisema. Mama yake alikuwa amefariki dakika ishirini nyuma na daktari hajafika kuandika, na mimi hairuhusiwi kusema kabla yake. Sikuwa na jibu lingine mdomoni. Akaniachia ile chupa nimpelekee. Nilikaa nayo kwenye meza ya dawa mpaka saa moja, pembeni ya ile spana, bado ya moto.

Mwandikie mhariri wodi na tarehe, jina la mama usiliweke kwenye mesej. Zamu zangu za mwaka ule ninazo kwenye daftari. Kama ilikuwa wodi yetu na usiku wangu nitakupigia mwenyewe, mchana, nikiwa sipo kazini, na nitakwambia ninachokumbuka hata kama ni vile visivyosimuliwa. Kama mlimpokea akiwa na nywele zimesukwa mabutu mawili, moja huku moja huku, niandikie na hilo.